Jino la Kupigia Honi

Ukitaka kumharibia mwanao kazi, usihangaike kutafuta adui wa kukusaidia. Mpende tu, kidogo zaidi ya alivyoomba. Kazi itaharibika yenyewe, tena kwa tabasamu.

Mama tunayemsema hapa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, vidole vimejaa matundu ya sindano, na hofu yake ilikuwa ikiamka kabla yake kila asubuhi. Aliogopa pasi iliyoachwa kwenye umeme, aliogopa upepo wa mlangoni, aliogopa simu inayoita mara moja ikakata. Juu ya yote aliogopa watu watasemaje. Watu hao hakuwahi kuwakuta wamekaa mahali wakisema, lakini alikuwa akiwasikia.

Binti yake alikuwa mpiga honi. Si honi ya lori, ingawa mtaa mzima ulipenda kuuliza hivyo na kucheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Ni lile tarumbeta la duara, bomba refu la shaba lililokunjwakunjwa mpaka likafanana na konokono. Lina mdomo mpana kama sufuria, na mpigaji huutumbukiza mkono wa kulia humo ndani, akauelekeza mdomo wenyewe nyuma yake, kama mtu anayewasengenya walio mbele. Mtaani waliliita konokono. Baba mtu, ambaye alikuwa fundi wa kufuli, aliliita "lile dude." Mama aliliita "kazi ya mtoto," kwa sauti ile ile ambayo wengine hutajia ugonjwa.

Na kazi ilikuwepo kweli. Okestra ya mji ilikuwa na wapiga honi wanne, wamepangwa mstari wa nyuma. Wa kwanza hupiga sauti za juu, zile zinazofanya watu waache kukohoa. Wa nne hupiga sauti za chini, ambazo hakuna anayezisikia mpaka siku zisipokuwepo. Binti alikuwa wa nne, tena wa kuitwa: kukiwa na onyesho analipwa, kukiwa hakuna anamsaidia mama yake kushona vifungo. Wa kwanza ana mshahara wa mwezi, ana matibabu, na ana haki ya kununa mazoezini bila kuulizwa kitu.

Sasa yule wa kwanza, mzee mmoja waliyemwita Mzee Mapafu, alikuwa anastaafu.

*

Binti aliingia nyumbani jioni hiyo, akaweka kasha la konokono lake mlangoni, akasema akiwa amesimama, "Wamenipa kiti cha kwanza. Cha kujaribiwa. Onyesho la kufunga msimu napiga mimi ule wimbo ambao okestra nzima inanyamaza, honi inaanza peke yake. Nikiupiga sawa, kiti changu."

Baba mtu aliweka bisibisi chini. Kwa baba huyu hiyo ilikuwa ni sawa na kupiga vigelegele.

"Peke yako?" mama akauliza. "Na wengine wote wananyamaza? Kwa nini wasikusaidie?"

"Ndivyo ulivyotungwa, mama."

"Aliyeutunga hakuwa na mtoto."

"Tena wanatengeneza tangazo," binti akaendelea. "Kubwa, la kubandikwa nje ya ukumbi na mjini. Picha yangu na honi. Meneja anasema haijawahi kutokea mwanamke akakaa kile kiti."

Hapo ndipo moyo wa mama ulipofanya kazi yake ya siku zote.

"Picha ya nini? Ya mwili mzima?"

"Ya uso. Nimeshika honi, natabasamu."

"Unatabasamu," mama akarudia, polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu.

Kisa ni jino. Binti alikuwa na jino moja la mbele, la juu, lililompandia mwenzake na kukaa pale kama mtu aliyekunja nne barazani. Halikumuuma, halikumzuia kula, halikumzuia kuongea. Lakini tangu lilipoota mama alikuwa na vita nalo. Kila kamera ilipoinuliwa, iwe shuleni, harusini, kwenye sebule ya ndugu, sauti ya mama ilitangulia: "Funga mdomo, mwanangu." Mtoto akafunga. Akazoea. Mpaka amekuwa mtu mzima, akiona kamera humwangalia kwanza mama yake, kisha hufunga mdomo.

*

Shangazi mtu alifika kabla hata habari haijapoa. Huyu alikuwa mpokea wageni kwenye kliniki moja ya meno, na kwa sababu hiyo alijihesabu kuwa robo daktari.

"Wifi," akamwambia mama, "hilo jino ni kazi ya mchana mmoja. Daktari wetu analichonga, analivika gamba jeupe, linasimama mstarini kama askari. Kwa familia yangu anapunguza bei. Mimi nikimwambia kitu hakatai."

"Mimi nimekataa," binti akasema kutoka chumbani.

"Hujaulizwa wewe, ameulizwa mama yako."

Binti akatoka, kikombe kidogo cha kupulizia mkononi, kile cha chuma ambacho huchomekwa kwenye konokono. Akakiweka mdomoni, akakitoa. "Shangazi, tazama. Kikombe hiki hakikai popote tu. Kinakaa hapa. Chini ya mdomo wangu kuna kona ya hili jino, na mdomo wangu umeishikilia hiyo kona tangu niko shule. Hili jino ndilo linalonipigia."

Shangazi akacheka mpaka akashika meza. "Jino linapiga honi! Basi walilipe lenyewe mshahara."

"Mama, niamini."

Mama hakujua muziki. Hakuwahi hata kwenda kumsikiliza mwanawe ukumbini, miaka yote hiyo. Alidhani pale ni mahali pa watu wenye viatu vya maana, na vyake vilikuwa vya kukanyagia cherehani. Lakini kutojua hakujawahi kumzuia mzazi kutoa maoni.

"Mwanangu, anayepuliza ni mapafu. Hata mimi nikipuliza moto jikoni sijawahi kutumia jino."

"Mwacheni mtoto na jino lake," baba mtu akasema, kisha akarudi kwenye kufuli yake akiamini amemaliza kazi ya baba.

Mama alinyamaza. Wanaojua akina mama wanajua hapo ndipo pa kuogopa. Alinyamaza wakati wa chakula, akanyamaza akiosha vyombo, akanyamaza akikunja sare. Kesho yake aliendelea. Siku ya tatu alilia, si kwa kelele, alilia kwa ule ustadi wa kufuta machozi kwa upindo wa kitambaa cha mteja.

"Nikifa watu watasema nini? Kwamba nilikuwa fundi wa kunyoosha kola za watoto wa wenzangu, wangu nikamwacha hivyo? Umebandikwa mji mzima, wanapita watu wanasema, huyu hana mama?"

"Hakuna atakayesema hivyo."

"Wewe huwasikii. Mimi nawasikia."

Binti alimwondolea kile kitambaa cha mteja mkononi. Alikuwa mtoto mwema, na hilo ndilo lililomponza. Mtoto mkaidi angekuwa na mshahara wa mwezi leo.

"Haya, mama," akasema. "Nipeleke."

*

Daktari wa meno alikuwa mtu mpole mwenye mikono safi kuliko maelezo yake. Alisema neno moja, "Tutapendezesha," akachoma sindano ya ganzi, akawasha mashine. Mama alikaa kwenye kochi la mapokezi akisikiliza ule mlio, na kila jino lake mwenyewe lilikuwa likimuuma kwa huruma. Shangazi alimletea maji ya kunywa kwa madaha, kama mwenye kliniki.

Binti alipotoka, nusu ya uso imekufa ganzi, shangazi alimshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga. "Cheka!" Upande mmoja ukacheka. Lilikuwa jino zuri kweli. Lilikuwa limenyooka kuliko maisha ya mtu yeyote katika familia ile.

Na picha ikapigwa. Mpiga picha wa ukumbi alimwambia atabasamu, binti kwa mazoea akamwangalia mama yake aliyesimama kando, na mama, kwa mara ya kwanza tangu azae, akasema, "Fungua, mwanangu! Fungua yote!"

Tangazo likatoka. Shaba inang'aa, meno yanang'aa, huwezi kujua ni kipi kimesuguliwa zaidi. Mama alipita njia ya ukumbini makusudi, na kikapu kitupu, akijifanya anaenda sokoni. Akasimama. Akamwambia mtu asiyemjua, "Huyo ni wangu."

"Ana meno mazuri," yule mtu akajibu.

Furaha ile ilidumu mpaka alipofika nyumbani.

*

Chumba cha binti na chumba cha cherehani vilitenganishwa na ukuta mwembamba. Miaka yote mama alishona na sauti ya konokono ikipita ukutani, asiitie maanani, kama mtu anayeishi karibu na mto. Siku hiyo alijikuta ameacha kukanyaga cherehani. Kulikuwa na kitu hakipo.

Sauti ilianza, ndefu, ikapanda, ikafika mahali, ikapasuka. Kwaa! Kama bata aliyekanyagwa. Kimya. Ikaanza tena, ikapanda, ikafika pale pale. Kwaa.

Mama aligonga ukuta. "Mwanangu, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mdomo umechoka."

Kesho yake mdomo ulikuwa bado umechoka. Na keshokutwa. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mchangamfu asiye na siri, alipiga kelele kutoka dirishani, "Konokono wenu leo kameza nini?" na watoto uani wakaanza kuigiza, kwaa, kwaa, wakishindana nani anampata zaidi.

Binti hakulalamika. Alijaribu kukisogeza kikombe kushoto, akajaribu kulia, akajaribu juu. Alijaribu kukikandamiza mpaka mdomo ukabaki na duara jekundu kama alama ya kizibo cha chupa. Sauti za chini zilikuja, nene, nzuri kama zamani. Za juu zilikataa. Zilikuwa zikipanda ngazi ziliyoizoea zikakuta kipande kimeng'olewa.

Mama aliingia na chai. Akaona lile duara mdomoni.

"Ni jino?" akauliza.

Binti aliligeuza konokono akamwaga maji yaliyokusanyika kwenye mabomba, akaligeuza tena, akamwaga tena, taratibu, ingawa maji yalikuwa yameshaisha. "Chai yako tamu, mama," akasema.

Laiti angemtukana, ingekuwa nafuu.

*

Mzee Mapafu alikuja nyumbani mwenyewe, hakualikwa. Alikuwa mzee mnene mwenye pumzi za watu wawili, na kiti cha sebuleni kililia alipokalia. Alikuwa amemsikia binti mazoezini.

"Nimemfundisha huyu mtoto tangu konokono ni kubwa kuliko yeye," akamwambia mama. "Hajawahi kupasua sauti ile. Njoo hapa mwanangu, fungua mdomo."

Binti akafungua. Mzee akainama, akatazama, kisha akarudi nyuma kwenye kiti na kukaa kimya mpaka mama akatamani apigwe.

"Liko wapi?"

"Wamelichonga, mwalimu."

"Kwa sababu liliuma?"

"Halikuuma."

"Kwa sababu lilioza?"

"Halikuoza."

"Basi kwa sababu gani?"

Binti alitazama sakafu. Mama akajibu yeye, kwa sauti ndogo, "Lilikuwa halipendezi."

Mzee Mapafu alitikisa kichwa. "Mama, mimi nina pengo hapa tangu ujana wangu, nilianguka na baiskeli. Daktari alitaka kuliziba. Nilimwambia akiliziba namziba na yeye. Pengo hili limenilishia watoto." Akanyanyua mdomo kwa kidole akaonyesha. Lilikuwa pengo baya sana, na mama akaliangalia kwa wivu.

"Halina dawa?" akauliza.

"Dawa ni wakati. Atajifunza mdomo upya, kama mtoto anayejifunza kutembea. Mwaka, pengine zaidi. Onyesho ni mwisho wa mwezi." Akafikiri. "Au huyo huyo aliyelichonga alijenge tena kama lilivyokuwa. Ile ile kona. Si karibu nayo. Ile ile."

Mama alikuwa ameshavaa viatu.

*

"Kwa hiyo," daktari wa meno akasema, akivua miwani yake, "unataka nilipindishe."

"Ndiyo, daktari."

"Jino zuri kama hili."

"Nirudishie baya."

Mapokezi palikuwa na watu wanaosubiri, na wote waliacha kuangalia simu zao. Shangazi mtu aliinama chini ya meza yake kutafuta kalamu ambayo ilikuwa sikioni.

"Mama yangu," daktari akasema kwa upole, "mimi nina jina hapa mjini. Mtu akiniuliza nani amempindisha huyu jino nitasema nini?"

"Sema ni mimi. Mimi ndiye mama yake. Kila kitu kibaya alichonacho utasema ni mimi."

Mtu mmoja kwenye kochi akacheka, akajifanya anakohoa.

Daktari alimtazama binti, na pengine aliona kitu kwenye lile duara jekundu, kwa sababu uso wake ulibadilika. "Sawa. Kuna dawa ya kujengea, naweza kujaribu kuiweka juu ya gamba. Lakini nipeni mfano. Siwezi kupinda kwa kubahatisha."

"Si ulichukua ule mfano wa plasta?" mama akauliza. "Ule uliomng'atisha kabla hujaanza?"

Daktari na shangazi wakaangaliana. "Ile huwa tunatupa," shangazi akasema, kalamu bado sikioni. "Nani anahifadhi ubaya, wifi?"

"Basi picha," daktari akasema. "Leteni picha yoyote ya zamani, akiwa ametabasamu. Meno ya mbele yaonekane vizuri. Hiyo inatosha."

"Picha zipo!" mama akasema. "Nyumbani picha zimejaa!"

Alikwenda karibu akimbie. Hakumwona binti, nyuma yake, ambaye alikuwa amekaa palepale kwenye kochi la mapokezi, ameshajua.

*

Walimwaga picha zote mezani, juu ya sare zilizokatwa. Siku ya kwanza shule: mdomo umefungwa. Anapokea cheti cha muziki: mdomo umefungwa. Harusi ya shangazi, kila mtu anacheka mpaka koo linaonekana, na katikati yao msichana mwenye gauni la njano, midomo imebanwa kama mtu anayezuia kutapika. Siku aliyonunuliwa konokono la mtumba, baba mtu amelishika upande mmoja yeye upande mwingine, macho yanacheka, mashavu yanacheka, mdomo umefungwa.

Mama alivuta moja, akavuta nyingine. Alizitazama kwa mbele, akazigeuza nyuma, kana kwamba jino lingeweza kuwa limejificha huko. Baba mtu aliwasha simu yake, akapekua, akaikuta moja ya jikoni, binti amegeuka ghafla, mdomo wazi!

"Hii!"

Wakaikuza. Ilikuwa ukungu mtupu. Ungeweza kuwa mdomo wa mtu yeyote.

Picha pekee katika nyumba ile iliyoonyesha meno ya binti vizuri, moja moja, ilikuwa ni lile tangazo. Mama alikuwa ameomba nakala kwa meneja akalibandika juu ya cherehani.

"Mimi nalikumbuka," mama akasema. "Nalikumbuka vizuri! Lilikuwa limekuja hivi..." Akainua vidole viwili, akavipandisha. Akavishusha. Akavipandisha kwa namna nyingine. Akamwangalia mumewe. "Lilipanda kushoto au kulia?"

"Kushoto," baba akasema. Kisha, "Kushoto kwake au kwetu?"

Walikuwa wameliangalia miaka yote kwa nia ya kutoliangalia.

Binti alikusanya picha akazirudisha kwenye kopo lake la biskuti, moja moja, kwa utaratibu. "Acha tu, mama. Ulimi wangu unakumbuka upande, si vipimo vya kona," akasema. "Uliniambia nifunge, nikafunga. Sisi wawili tulikuwa hodari kwenye kazi yetu."

*

Kiongozi wa okestra hakuwa katili. Alimwita pembeni, akamsikiliza akipanda ngazi ile mara kadhaa, kwaa, akamshukuru kwa moyo wa kujituma. Kiti cha kwanza akapewa kijana aliyetoka chuo juzi, meno yamejipanga kama uzio, na sauti yake safi, isiyo na kosa. Binti akarudi kiti cha nne. Tangazo halikubadilishwa kwa sababu yalikuwa yameshachapwa mengi, na meneja alisema watu hawasomi majina, wanaangalia uso.

Mama aliamua kwenda kwenye lile onyesho la kufunga msimu. Aliazima viatu kwa jirani mchangamfu, vikambana, akakaa ukumbini siku ya Jumapili mchana, mikono mapajani kama mtoto aliyetumwa kwa mkubwa. Mlangoni tangazo lilimpokea kwa tabasamu lile.

Okestra ikaingia. Mama akatafuta. Wenye vinanda vya nyuzi walikuwa mbele, wanaonekana mpaka vifungo vya mashati. Nyuma kabisa, juu ya ngazi, nyuma ya misitu ya mikono na stendi za karatasi, kulikuwa na mng'aro wa shaba wa duara nne. Juu ya kila duara, nywele na macho. Mama akanyoosha shingo. Akanyanyuka kidogo, mtu wa nyuma akamwambia, "Mama, kaa."

Akakaa. Mzee Mapafu alikuwa kiti cha pembeni yake, leo msikilizaji kama wengine.

"Mbona siwaoni midomo?" mama akamnong'oneza.

"Midomo imo ndani ya vikombe, mama."

"Na meno?"

"Meno yapo nyuma ya midomo." Mzee alimgeukia, akamtazama kama vile hakuwa amemwona vizuri hapo awali. "Mpiga honi hatabasamu akipiga. Akitabasamu sauti inapotea. Hujawahi kuja?"

Mama aliinamia viatu vyake vya kuazima. Ndiyo kwanza alikuwa anaelewa: hata kama jino lile lingekuwa limekunja nne, limekunja nane, limesimama kwa mguu mmoja, kati ya watu wote waliolipa kiingilio mle ndani hakuna hata mmoja ambaye angeliona. Lilikuwa jino la kusikika.

Kisha okestra nzima ikanyamaza. Yule kijana akainua honi, na sauti ikatoka peke yake, ikapanda, ikapita pale mahali bila kugusa ukuta, ikaenda zake. Ilikuwa nzuri. Watu wakaacha kukohoa. Mama alimtafuta mwanawe. Binti alikuwa ameweka konokono lake magotini, anasubiri zamu ya sauti za chini, na kwa mbali, bila kikombe, midomo yake ilikuwa ikijikaza na kulegea, ikijikaza na kulegea, ikiupiga wimbo wote kimya.

Baada ya makofi, mpiga picha wa ukumbi aliwapanga jukwaani. "Tabasamu, jamani! Wote! Wewe wa mwisho, mwenye tangazo, wewe ndiye tunakutegemea!"

Binti aliona kamera. Kwa mazoea yake ya tangu utoto, akatafuta mama yake alipo, akamwangalia kwanza.

Na mama, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alifungua mdomo wake, akaufunga. Taa ikamulika.

*

Mtaani, ushindi hauhitaji kuwa umetokea. Kesho yake, Jumatatu, jirani mchangamfu alikuja kufuata viatu vyake, amemshika mkono binti yake mdogo.

"Mama wa tangazo! Hongera! Mji mzima unamsema mtoto wako."

"Wanasemaje?" mama akauliza. Ilimtoka tu.

"Wanasema meno! Sasa nielekeze hiyo kliniki ya wifi yako, nataka nimpeleke huyu. Hebu mwonyeshe mama, wewe. Angalia, shoga yangu, angalia balaa hili. Nilizaa mtoto nikapata msumeno."

Mtoto alikuwa amefunga mdomo. Aliufunga kwa nguvu, kwa ujuzi, na mama aliutambua ujuzi ule mara moja, kwa sababu alikuwa ameufundisha yeye mwenyewe, ndani ya nyumba ile ile.

Kutoka ng'ambo ya ukuta sauti ya konokono ilianza, ya chini, ndefu, ikapanda kidogo. Haikufika pale pa kupasuka. Ilikuwa inajifunza kutembea.

"Huyu anapenda kufanya nini na mdomo wake?" mama akauliza.

"Nani?"

"Mtoto wako."

Jirani akacheka. "Kula na kunijibu. Afanye nini kingine? Hajui bado."

"Basi kaa kwanza," mama akasema. "Nikueleze kitu. Kirefu." Akafuta mikono, akachukua simu ya mumewe juu ya meza ya kufuli, akamvuta yule mtoto mpaka mlangoni, kwenye mwanga. Akapiga magoti ili walingane.

"Usinifungie mimi," akamwambia. "Cheka nikupige picha. Fungua yote. Yote, mama'angu, mpaka la mwisho. Angalau liwepo mahali."